Walioimeza Ndio Waliojua

Februari 1891 madaktari wa kaskazini mashariki mwa Uingereza walikutana mjini Newcastle, na kijana wa miaka 25, George Redmayne Murray, akasimama kueleza jambo alilotaka kulijaribu. Alikuwa na mgonjwa, mwanamke wa miaka 46, aliyevimba uso na mikono, ngozi imekauka, nywele zimepukutika, maneno yanamtoka polepole, na baridi haimbanduki hata akiwa ndani ya nyumba. Murray alitaka kumdunga maji yaliyokamuliwa kwenye tezi ya shingo ya kondoo. Mkubwa mmoja kikaoni alimbeza: kwa hesabu hiyo, mwenye ugonjwa wa uti wa mgongo naye atibiwe kwa uti wa mgongo uliopondwa.

Murray hakurudi nyuma. Tezi ya kondoo aliyetoka kuchinjwa ilikatwakatwa, ikalowekwa siku nzima katika glisirini na maji ya asidi ya kaboliki, kisha ikakamuliwa kwa leso iliyochovywa katika maji yanayochemka. Yaliyotoka yalikuwa maji mazito ya rangi ya waridi. Aliyadunga chini ya ngozi ya mgongo, kati ya mafupa ya mabega. Baada ya miezi michache mwanamke yule alikuwa anatembea, anaongea na kucheka kama zamani. Aliishi hadi 1919, akafariki akiwa na miaka 74. Mwaka uliofuata Murray aliandika historia yake yote, na humo akapiga hesabu: katika miaka 28 mgonjwa wake alikuwa ametumia zaidi ya lita 5 za dawa, na tezi za kondoo wasiopungua 870.

Mara nyingi habari hii husimuliwa kama ushindi wa tiba, na ushindi huo ni wa kweli. Mamilioni ya watu leo, wengi wao wanawake, wanaamka kila asubuhi na kumeza kidonge kidogo cha levothairoksini kabla ya chai, na kidonge hicho ndicho kinachowaweka hai. Lakini dawa hii ina historia nyingine inayokwenda sambamba na ya kwanza, historia ya moyo uliokwenda mbio, ngozi iliyotoka mabaka, nywele zilizobaki kwenye kitana, na watu waliowaambia madaktari wao kwamba kuna kitu hakiko sawa. Mara nyingi walikuwa wameona kweli. Mara nyingi pia ilichukua muda mrefu mpaka wakasikilizwa.

Hata kazi yenyewe ya tezi hii ilijulikana kwa njia hiyo hiyo. Katika milima ya Alpsi nchini Uswisi, ambako udongo na maji hayana madini joto ya kutosha, rovu lilikuwa jambo la kawaida shingoni mwa watu. Theodor Kocher, daktari wa upasuaji mjini Bern, alikuwa bingwa wa kuliondoa, na mkono wake ulikuwa mtulivu kiasi kwamba aliweza kuitoa tezi yote bila kumpoteza mgonjwa. Mwaka 1882 mwenzake wa Geneva, Jacques-Louis Reverdin, alimdokeza kwamba baadhi ya waliopasuliwa namna hiyo walikuwa wakidhoofika miezi kadhaa baadaye. Kocher akawaita wagonjwa wake warudi. Kati ya 18 aliowapima waliokuwa wameondolewa tezi nzima, 16 walikuwa wamebadilika: wamevimba, wamepooza akili, watoto wameacha kukua. Aliyatangaza hayo hadharani mwaka 1883, akaacha kabisa kuondoa tezi yote kwa ajili ya rovu. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1909 ilimheshimu kwa kazi yake juu ya tezi hiyo, lakini kitendo chake kikubwa zaidi kilikuwa ule wito wa kuwaita warudi, kwani bila wito huo kila aliyepona kidonda angebaki kwenye vitabu vyake kama mafanikio.

Sindano za Murray nazo zilianza kuleta maudhi mapema. Wengine walipata majipu palipochomwa, wengine uso uliwaiva na mgongo ukauma papo hapo. Hofu kubwa zaidi ilikuwa moyo. Mwili uliokaa miaka bila homoni hujizoeza kwenda taratibu, na mishipa ya moyo huenda imeziba bila mwenyewe kujua kwa kuwa moyo haujapewa kazi nzito. Homoni inapoingia ghafla, moyo unaagizwa kukimbia. Ndani ya miaka michache ya kwanza madaktari waliripoti wagonjwa waliokuwa wakiendelea vizuri kisha wakaanguka na kufa. Kutokana na vifo hivyo ilipatikana kanuni inayofuatwa mpaka leo, hasa kwa wazee na wenye maumivu ya kifua: anza na dozi ndogo, panda polepole.

Mjini Edinburgh Byrom Bramwell aliona jambo jingine. Wagonjwa wake waliopewa dawa ya tezi walibambuka ngozi, ikatoka kwa vipande. Badala ya kuliandika jambo hilo kama kero na kulipita, alijiuliza kama dawa inayobambua ngozi namna hii haiwezi kuwasaidia wenye soriasisi, na mwaka 1893 akatangaza kwamba alikuwa amejaribu. Tiba hiyo haikudumu, lakini mtu anayesoma maandishi ya miaka hiyo anaona jinsi madaktari hao walivyokuwa wakitazama kwa makini kila kilichotokea mwilini, kizuri na kibaya.

Sindano zenyewe hazikukaa sana. Mwaka 1892, Hector Mackenzie wa London na E. L. Fox wa Plymouth walionyesha kwamba tezi inafanya kazi hata ikiliwa. Fox alimpa mgonjwa wake nusu ya tezi ya kondoo mara moja kwa wiki, imekaangwa kidogo, ikakatwa vipande vidogo, ikaliwa pamoja na jemu. Muda si mrefu kampuni ya Burroughs Wellcome ilikuwa inauza tezi iliyokaushwa, ikasagwa na kushindiliwa kuwa vidonge. Daktari hakuhitaji tena kufahamiana na mchinjaji. Mgonjwa naye hakuhitaji sana kufahamiana na daktari, na hapo ndipo matatizo makubwa yalipoanzia.

Wagonjwa wa tezi walipopona, walipungua uzito. Wenye afya waliotaka kupungua waliliona hilo. Kuanzia 1893 na 1894 madaktari wa Ujerumani na Uingereza walianza kuandika dawa ya tezi kwa watu wanene ambao tezi zao hazikuwa na kasoro yoyote. Mwaka 1898 daktari wa Kijerumani, von Notthaft, alieleza habari za mwanamume aliyetaka kupunguza unene akameza vidonge vipatavyo 1,000 kwa wiki tano. Macho yalimtoka, mikono ikatetemeka, moyo ukaenda mbio, akawa mfano kamili wa mgonjwa wa tezi iliyozidi, ugonjwa aliojitengenezea mwenyewe kwa fedha zake.

Huko Marekani biashara hiyo ilipata jina: Marmola. Ilianza kutangazwa mwaka 1907, na kwa zaidi ya miaka thelathini matangazo yake katika magazeti yaliwaahidi wanawake kwamba watapungua bila kujinyima chakula na bila mazoezi. Ndani yake mlikuwa na tezi ya mnyama iliyokaushwa. Mnunuzi hakupimwa moyo wala hakuulizwa umri. Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani iliiamuru kampuni ya Raladam, iliyokuwa ikiiuza, iache kudai kwamba dawa hiyo ni salama, kampuni ikakata rufaa, na shauri likafika Mahakama ya Juu kabisa mwaka 1931.

Hukumu hiyo inaumiza kuisoma hata leo. Majaji walikubali kwamba ushahidi unaonyesha dawa hii haiwezi kutumiwa ovyo kwa usalama pasipo ushauri wa daktari. Walisema kama suala lingekuwa kuwalinda wananchi tu, amri ya Tume ingesimama. Lakini sheria iliyoiunda Tume ilihusu ushindani wa kibiashara, na Tume haikuwa imeonyesha mfanyabiashara yeyote aliyepata hasara kwa sababu ya matangazo ya Marmola. Raladam ikashinda. Moyo wa mnunuzi uliokuwa ukidunda usiku haukuwa na nafasi katika kesi, maana mwenye moyo huo hakuwa mshindani wa mtu. Ilibidi Bunge libadilishe sheria mwaka 1938 ili Tume iweze kumlinda mnunuzi moja kwa moja. Kampuni hiyo ilishindwa hatimaye mbele ya mahakama ile ile mwaka 1942.

Mtu angedhani mlango ulifungwa. Miaka ya 1950 na 1960 dawa ilirudi kupitia mlango mwingine, safari hii mikononi mwa madaktari wenyewe. Viwanda viliwauzia vidonge vya rangi mbalimbali, vikiitwa vidonge vya upinde wa mvua, vya kugawa kwa wateja wanaotaka kupungua: kimoja cha amfetamini ya kukata njaa, kimoja cha homoni ya tezi, kingine cha kukojoza, kingine cha kuharisha, na juu yake dijitalisi, dawa ya moyo. Ukiutazama mchanganyiko huo kwa jicho la mwili, unatisha. Dawa ya kukojoza na ya kuharisha huondoa potasiamu. Potasiamu ikipungua, dijitalisi hugeuka sumu kwa moyo. Wakati huo huo amfetamini na homoni ya tezi vinaukimbiza moyo huo huo. Homoni nayo haichagui mafuta peke yake, huila pia misuli ya mwili. Watu walikufa, na waliochunguza maiti walianza kuhusisha vifo hivyo na vidonge. Januari 1968 gazeti la Life lilimtuma mwandishi wake, Susanna McBee, mwanamke asiye mnene hata kidogo, kwenda kwa madaktari kumi wa aina hiyo. Alitoka na vidonge 1,479. Mwaka huo huo Seneta Philip Hart aliendesha vikao vya kuwahoji wahusika, na serikali ikaanza kuvikamata vidonge hivyo. Maelezo ya levothairoksini inayouzwa Marekani yalikuja kubeba onyo ndani ya kisanduku cheusi kwamba dawa hii si ya kupunguza uzito. Onyo hilo limeandikwa kwa vifo vya watu.

Wakati biashara hii ikiendelea, wanakemia walikuwa wakiitafuta homoni yenyewe. Eugen Baumann wa Freiburg aligundua mwaka 1895 kwamba tezi ina madini joto ndani yake. Siku ya Krismasi ya 1914, katika Kliniki ya Mayo huko Minnesota, Edward Kendall alipata chembe safi za thairoksini, na katika miaka iliyofuata ilimbidi atumie karibu tani tatu za tezi za nguruwe kupata gramu zipatazo 33. Charles Harington wa London alieleza umbile lake mwaka 1926 na kuitengeneza maabara mwaka 1927 pamoja na George Barger. Chumvi yake ya sodiamu, yaani levothairoksini ya vidonge vya leo, inayofyonzwa vizuri tumboni, ilikuja mwaka 1949. Kwa Mwislamu huo ni mwaka wa kukumbukwa, kwa sababu unga wa tezi ulioenea Marekani ulitoka kwa nguruwe, na hadi leo vidonge vya tezi iliyokaushwa vinavyouzwa huko vinatoka kwa mnyama huyo. Levothairoksini ya kiwandani haina asili hiyo.

Unga wa tezi ulikuwa na kasoro nyingine pia. Ubora wake ulipimwa kwa kiasi cha madini joto yaliyomo, na madini joto si homoni. Mwaka 1962 Boris Catz na wenzake waliripoti katika jarida la New England Journal of Medicine kuhusu unga wa tezi uliokidhi vipimo rasmi lakini haukuwa na nguvu yoyote ndani ya mwili wa mgonjwa. Wagonjwa walikuwa wameendelea kuvimba na kusinzia huku wakimeza dawa yao kwa uaminifu. Ni rahisi kuwazia jinsi walivyoulizwa kama kweli wanakumbuka kuimeza.

Homoni safi ilileta dhana kwamba mzio umekwisha. Dhana hiyo ina msingi: thairoksini ya kidonge ni sawasawa kabisa na ile inayotengenezwa na tezi ya mtu, na ni nadra mno mwili kuikataa. Zamani mwili uliweza kupambana na protini za kondoo, ng'ombe au nguruwe zilizokuwa katika unga. Lakini kidonge si homoni tupu. Dozi ya homoni ni mikrogramu, kiasi ambacho jicho halikioni, na ili mtu apate kitu cha kushika kwa vidole lazima kichanganywe na vitu vingine: laktosi au manitoli, wanga, gundi ya mti wa mkakaya, na rangi. Huko Marekani kila kipimo kina rangi yake ili mgonjwa asichanganye: cha mikrogramu 25 ni cha machungwa, cha 100 ni cha njano, cha 150 ni cha buluu. Rangi iliyowekwa kwa usalama wa wengi imewatoa wachache vipele vya kuwasha, mabaka, wakati mwingine midomo kuvimba. Madaktari wa mzio walipogundua hilo, waligundua pia kwamba kidonge cha mikrogramu 50 ni cheupe, hakina rangi. Anayehitaji 100 akameza viwili vya hamsini, na vipele vikaisha. Kwa wale ambao hata hicho hakikuwafaa, zilikuja kapsuli zenye viambato vitatu tu pamoja na homoni: jelatini, glisirini na maji. Ziliidhinishwa Marekani mwaka 2006.

Wako pia ambao dawa huwazidishia ugonjwa kwa sababu iliyofichika zaidi. Mtu ambaye tezi zake zilizo juu ya figo nazo zimekufa hana homoni ya kumwezesha kuhimili kasi mpya. Akipewa thairoksini peke yake, shinikizo la damu linaweza kuporomoka hadi kufa. Mgonjwa wa namna hiyo husema jambo la kushangaza: tangu nianze dawa nimekuwa mbaya zaidi. Daktari aliyefundishwa vizuri husimama hapo na kupima, hasemi avumilie.

Halafu pana kisa cha nyama. Katika miaka ya 1984 na 1985, kusini magharibi mwa Minnesota na sehemu za jirani za South Dakota na Iowa, watu walianza kufika hospitalini wakiwa na dalili zote za kumeza homoni kupita kiasi: hawalali, wanakonda, mikono inatetemeka, moyo unawapiga mbavuni. Hawakuwa wakimeza kidonge chochote. Wachunguzi walihesabu wagonjwa 121 kabla ya kupata chanzo: nyama ya kusaga kutoka machinjio moja iliyokuwa ikikwangua nyama ya shingo za ng'ombe, na tezi zikienda humo humo. Fox wa Plymouth alikwisha kuonyesha mwaka 1892 kwamba kikaango hakiiui homoni hii. Baada ya taarifa hizo, nyama ya eneo hilo la koo ilipigwa marufuku kuingizwa katika chakula cha watu.

Kufikia hapo madaktari walikuwa na kipimo cha damu cha TSH, homoni ya ubongoni inayoiagiza tezi, na kilionyesha kwamba dozi zilizozoeleka zilikuwa kubwa mno. Mwaka 1994 Clark Sawin na wenzake walichapisha habari za watu 2,007 wa mji wa Framingham wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Wale ambao TSH yao ilikuwa imeshuka chini kabisa walikuwa na hatari mara tatu ya kupatwa na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio ndani ya miaka kumi. Tofauti ndogo ya dozi, isiyosikika na mtu siku moja, ilikuwa na uzito katika muda mrefu.

Na dozi hiyo ndogo haikuwa ikidhibitiwa vya kutosha. Levothairoksini ilikuwa imeingia sokoni Marekani bila kupitia idhini rasmi inayotakiwa kwa dawa mpya. Agosti 1997 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, ilitangaza kwamba viwanda vyote lazima viombe idhini upya, kwa sababu nguvu ya vidonge ilibadilika kutoka toleo moja hadi jingine na ilipungua vikikaa dukani. Ushahidi wake ulikuwa na taarifa 58 za madhara zilizopokelewa kati ya 1987 na 1994. Katika 47 dawa ilionekana kupungua nguvu, katika 9 ilionekana kuzidi. Taarifa 58 ni chache kwa nchi yenye mamilioni ya watumiaji, lakini zilitosha kuibana sekta nzima. Kidonge cha kwanza chenye idhini kilipatikana mwaka 2000.

Visa viwili vilivyofuata vilikuwa na kelele zaidi. Nchini New Zealand karibu watu 70,000 walitumia Eltroxin, chapa ya levothairoksini ambayo ndiyo iliyokuwa ikigharamiwa na serikali. Mwaka 2007 utengenezaji ulihamishwa kutoka Kanada kwenda Ujerumani. Homoni ilibaki ile ile, viambato vingine vikabadilika, na kidonge cha njano kikawa cheupe. Katika miaka 30 iliyotangulia, kituo cha kupokea taarifa za madhara kilikuwa kimepata taarifa 14 tu juu ya dawa hiyo. Katika miezi 18 iliyofuata zilizidi 1,400: kuongezeka uzito, uchovu, kuumwa kichwa, macho kusumbua. Vipimo vya maabara vilisema kidonge kipya ni sawa na cha zamani. Watafiti Kate Faasse, Tim Cundy na Keith Petrie waliandika mwaka 2009 kwamba taarifa ziliongezeka kufuatana na habari za televisheni, na kwamba hofu yenyewe ilichangia dalili. Hoja yao ina nguvu, kwani hofu humfanya mtu asikie kila kinachopita mwilini mwake. Lakini wagonjwa walikuwa wamebadilishiwa dawa wanayoitegemea maisha yao yote bila mtu kuwaandaa, na hofu iliyozaliwa hapo haikuanzia kwao.

Ufaransa ilipaswa kujifunza kutokana na New Zealand. Ilikuwa na watumiaji wapatao milioni tatu wa Levothyrox, levothairoksini ya kampuni ya Merck iliyokuwa karibu peke yake katika maduka ya dawa. Mamlaka ya dawa ya Ufaransa iliitaka kampuni iboreshe uthabiti wa kidonge, ili nguvu yake isishuke kabla ya tarehe ya mwisho. Lilikuwa lengo jema. Mwishoni mwa Machi 2017 fomula mpya iliingia madukani, laktosi imetolewa, manitoli na asidi ya sitriki vimewekwa mahali pake. Waliobahatika kujua walijua kwa rangi ya boksi. Wengine waliendelea kumeza huku wakipatwa na misuli kukakamaa, kizunguzungu, nywele kukatika, uchovu wa kushindwa kuinuka kitandani, wasijue kwamba kuna kilichobadilika.

Walipojua, walikasirika. Malalamiko ya maandishi yalikusanya saini zaidi ya 300,000. Mwigizaji maarufu Anny Duperey, mtumiaji wa dawa hiyo, alimwandikia waziri wa afya barua ya wazi. Waziri Agnès Buzyn alisema fomula mpya haina kasoro, lakini kufikia Oktoba 2017 serikali iliruhusu fomula ya zamani iagizwe tena kutoka nje, na dawa za kampuni nyingine zikaingizwa sokoni. Hadi katikati ya Aprili 2018 taarifa za madhara zilikuwa 31,411.

Mwaka 2019 Didier Concordet na wenzake, wataalamu wa hesabu za dawa katika chuo cha mifugo cha Toulouse, walizipitia upya takwimu za jaribio ambalo kampuni ililitumia kuthibitisha kwamba fomula mbili ni sawa. Jaribio lilikuwa na watu 204 wenye afya. Kwa wastani, fomula zililingana. Alipotazamwa mtu mmoja mmoja, zaidi ya nusu walikuwa nje ya mipaka ya kulingana. Wengine waliipinga tafsiri hiyo, wakisema mwili wa mtu huyo huyo hutofautiana kutoka siku hadi siku. Hata hivyo swali la Concordet na wenzake lilikuwa la haki: mgonjwa hamezi wastani. Anameza kidonge chake, kwa mwili wake.

Mahakama za Ufaransa hazikusema kwamba dawa ilikuwa mbovu. Zilishika jambo jingine. Juni 2020 mahakama ya rufaa ya Lyon iliamuru Merck ilipe euro 1,000 kwa kila mlalamikaji kati ya zaidi ya 3,300, kwa kosa la kutowaeleza ipasavyo kuhusu mabadiliko. Mahakama ya juu iliithibitisha hukumu hiyo Machi 2022. Haki ya kuambiwa kilichomo ndani ya kidonge chako ikawa na bei mahakamani.

Afrika Mashariki ina sababu zake za kulifuatilia jambo hili. Levothairoksini haipendi joto, mwanga wala unyevu, na pakiti nyingi zinaagiza ihifadhiwe chini ya nyuzi 25. Februari mjini Mombasa au Dar es Salaam joto hupita 30 kwa urahisi, na duka la dawa lisilo na kiyoyozi haliwezi kulitimiza agizo hilo. Chapa nazo hubadilika kufuatana na mzigo uliofika, leo kutoka India, mwezi ujao kutoka Ulaya, na mteja hupewa iliyopo. Viambato vyake si vile vile, na huenda nguvu yake ikawa imeathiriwa na safari. Mgonjwa anayerudi akisema dawa hii mpya inamkimbiza moyo, au inamtoa vipele, anastahili kupimwa TSH na kutazamiwa pakiti kabla ya kuambiwa ni mawazo tu.

Njia ya kumsikiliza ipo. Tanzania ilijiunga na mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara ya dawa mwaka 1993, na Kenya mwaka 2010. Katika nchi zote mbili fomu ya kuripoti ni ya njano, na nchini Kenya iko pia ya waridi kwa dawa inayoshukiwa ubora wake. Tanzania hupokea taarifa kupitia Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), Kenya kupitia Bodi ya Famasia na Sumu, na mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kutoa taarifa. Fomu inauliza jina la kibiashara la dawa na namba ya toleo. Kwa levothairoksini sehemu hizo mbili zina uzito kuliko kawaida, kwa sababu katika visa vya New Zealand na Ufaransa jina la homoni halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika kilikuwa viambato vingine ndani ya kidonge.